Chuma cha vitumbua cha bibi: kukifufua, kukichomea na kuwaweka watoto jikoni bila balaa

Kilifika Dar kimefungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, chini ya kiti cha basi la Tanga. Mdogo wangu aliyekileta alikibadilisha mkono mara tatu kutoka stendi hadi kwenye bajaji. Matundu saba: moja katikati, sita yamelizunguka. Manne yalikuwa meusi ya kung'aa, matatu yameota kutu. Bibi alikichomea vitumbua barazani kwake Ngamiani tangu mama yangu hajaolewa, na kwa chuma hicho watoto wake walinunuliwa madaftari. Macho yalipomchoka, kikaingia stoo kulala na ndoo zilizopasuka.

Na mimi sikukitendea vyema. Nilikiweka juu ya kabati la vyombo kama kombe la mpira. Wageni wakiuliza, nahadithia. Mwaka mzima. Siku nilipokishusha, kutu ilikuwa imefika kwenye matundu matano. Upepo wa bahari haujui kwamba hiki ni kitu cha bibi. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hulindwa na mafuta, na mafuta hayaingii kwa kutazamwa, yanaingia kwa kupikiwa. Kwa hiyo nikaamua kila Jumamosi chuma kishuke, na watoto wangu wawili, wa miaka 4 na wa miaka 8, wakifanyie kazi. Haya ndiyo tunayofanya, pamoja na makosa niliyokwisha kuyalipia.

Jua kwanza ulichorithi

Chukua sumaku, hata ile ya kubandikia picha kwenye friji. Ikinasa na chombo ni kizito, huenda ni chuma cha kusubu. Isiponasa na chombo ni chepesi chenye rangi ya fedha iliyofifia, hiyo ni alumini, na karibu kila nitakachosema kuhusu kutu hakikuhusu. Alumini usiiloweke kwenye siki wala kuichemshia magadi. Vyote viwili vinaila.

Kuna jambo jingine kuhusu alumini ambalo mwenye watoto wadogo anapaswa kulijua. Vyombo vinavyosubiwa mitaani kwa vyuma chakavu vimewahi kupimwa katika nchi kadhaa, na baadhi vilikutwa vinatoa madini ya risasi kwenye chakula. Risasi huathiri ubongo wa mtoto unaokua, na haina kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kama ulichorithi ni alumini ya namna hiyo na hujui ilitoka wapi, hicho ndicho cha kuweka juu ya kabati. Tafuta chuma cha kusubu cha kupikia.

Kisha kigonge kwa kijiko. Kizima hulia kama kengele ndogo. Kikitoa sauti ya kufa, geuza utafute ufa, hasa shingoni pa mpini. Chenye ufa usikitie mafuta ya moto hata kama alikuachia nani.

Kutoa kutu

Kama kutu ni vumbi tu, huhitaji dawa. Kata kiazi mviringo katikati, mwaga chumvi kwenye kila tundu, sugua kwa upande uliokatwa. Unyevu wa kiazi na ukali wa chumvi vinaitoa. Kiazi kikichafuka, kata kipande chembamba uendelee. Mtoto wa miaka 4 anaweza kazi hii chuma kikiwa kimepoa chini kwenye gazeti, na kwa kuwa ni kuchafuka kwa ruhusa, ataifanya kwa moyo.

Kutu iliyoshika inataka siki nyeupe iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu. Zamisha chuma, kisha usiende mbali. Baada ya nusu saa kitoe, sugua kwa waya wa sufuria, tazama. Bado? Rudisha, tazama tena kila dakika kumi, na saa moja iwe mwisho. Siki ikimaliza kutu haijui kusimama. Inaendelea na chuma chenyewe. Mimi nilikiacha usiku kucha kwenye siki tupu, nikakikuta asubuhi kijivu, uso umekwaruza kama kisigino cha kiangazi. Tundu moja lina alama hiyo mpaka leo, na kitumbua chake ndicho kinachong'ang'ania.

Kikishatoka, kioshe kwa maji na sabuni kidogo, kifute, na hapohapo kiweke jikoni kwenye moto mdogo mpaka kikauke kabisa. Usikianike. Chuma kitupu kilicholowa kinaota kutu mpya mbele ya macho yako.

Kukishibisha mafuta

Bibi hana jina la kazi hii zaidi ya kusema "chuma kishibe". Mafuta membamba yakipata moto mkali juu ya chuma hugeuka ngozi ngumu nyeusi, nayo ndiyo inayozuia kutu na inayofanya kitumbua kiteleze.

Fanyia nje, maana moshi ni mwingi, na jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa hata kidogo. Pasha chuma mpaka kiwe cha moto ila hakijatoa moshi. Kiepue, kipake mafuta ya alizeti kwa kitambaa cha pamba, ndani ya matundu, nje na kwenye mpini. Sasa chukua kitambaa kikavu uyafute yote, kana kwamba ulikosea kuyapaka. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha mafuta mengi wakidhani wanakitendea hisani, yanaganda yakinata kama gundi. Kinachobaki baada ya kufuta kinatosha. Rudisha motoni mpaka moshi utoke na uishe wenyewe. Acha kipoe. Rudia mara tatu au nne. Mwenye oveni akiinamishe ndani kwa saa moja kwenye moto wa nyuzi 230 hivi.

Mara ya kwanza kitakuwa na rangi ya kahawia ya mabaka. Usihuzunike. Weusi unakuja kwa Jumamosi.

Kupima "kiasi" cha bibi

Hili lifanye kabla hujaloweka hata punje moja, na lifanye angali hai.

"Bibi, sukari kiasi gani?"
"Kiasi."
"Kiasi gani?"
"We tia, mwanangu, utajua mwenyewe."

Usibishane naye, na usimpe kikombe cha kupimia mkononi. Akishika kikombe atapika kama mgeni na vitumbua havitakuwa vyake. Pima kabla yake. Weka sukari kilo moja kamili kwenye bakuli, mchele kilo moja kwenye bakuli lingine, tui lita moja kwenye jagi. Mwache achote kwa kiganja na upawa wake. Akimaliza, pima kilichobaki. Tofauti ndiyo "kiasi". Mtoto wa miaka 8 anafanya hesabu hii ya kutoa vizuri kuliko ile ya shuleni, kwa sababu jibu lake linaliwa.

Pamoja na namba, andika ishara anazotumia. Bibi yangu hapimi uzito wa unga (tunauita unga hata ukiwa majimaji) kwa kijiko. Anachovya upawa, anauinua, anatazama unavyoshuka. "Ushuke kama utepe, usishuke kama maji, usikatike kama ugali." Rekodi sauti kwenye simu. Namba utaziboresha, lakini ile "usikatike kama ugali" hutaipata kwingine.

Cha kwetu kilitoka hivi, kwa vitumbua kama 25: mchele vikombe 2, ambao ni karibu gramu 400, sukari nusu kikombe, tui zito kikombe 1 na robo, na la akiba pembeni, wali uliolala vijiko 3 vya chakula, hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, iliki punje 8, chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Ijumaa jioni: mchele

Usipoteze mchele wa Kyela hapa. Harufu yake inamezwa na iliki na nazi. Chenga zinatosha, zinalowa upesi na kusagika laini.

Kuosha ni kazi ya mdogo. Tandika jamvi, mpe beseni, mwambie aoshe mpaka aone vidole vyake ndani ya maji. Atamwaga, kwa hiyo pima mchele mara ya pili baada yake. Loweka kwa maji mengi, saa sita hadi nane, au ulale. Punje iliyolowa vya kutosha hukatika kwa kucha. Ikigoma, mashine itakupa unga wenye chenga na kitumbua chako kitakuwa na mchanga. Kumtia mtu mchanga kwenye kitumbua chake ni msemo, usijifanyie mwenyewe.

Jumamosi alfajiri: nazi

Mbuzi yetu nayo ni ya kurithi, kutoka kwa mama mkwe. Meno yake ni makali, kwa hiyo kukuna ni kazi ya mtu mzima, au ya mtoto wa miaka 10 na kuendelea mzazi akiwa kando. Anayejifunza afundishwe jambo moja tu kwa siku ya kwanza: mikono ikizungushe kifuu, isisukume mbele. Ukifika kwenye rangi ya kahawia, umepita. Hamia sehemu nyingine. Mbuzi isipotumika, meno yavishwe kitambaa kinene na ikunjwe.

Kukamua ndiko kwa watoto. Tia nazi iliyokunwa kwenye bakuli na maji ya uvuguvugu, kama kikombe kimoja, waikande kwa mikono safi mpaka maji yawe meupe kama maziwa. Mimina kwenye kifumbu, kila mmoja ashike ncha moja na wazungushe kinyume. Kifumbu kikilia na tui likachuruzika, utasikia kelele mpaka kwa jirani. Hilo ndilo tui la kwanza, zito, linalohitajika. Rudisha machicha, ongeza maji, kamua tena. Hilo jepesi weka kwa kupunguzia unga au kwa mchuzi wa mchana.

Walio mbali na minazi wanaweza kutumia tui la kopo la mililita 400, wakilipunguza na maji kidogo. Na asiye na chuma cha kurithi, asikate tamaa: Wadenmaki wana chombo cha matundu cha kupikia æbleskiver, na kusini mwa India kuna cha paniyaram. Ukikiona cha chuma cha kusubu kwenye duka la vitu vya mitumba huko Ulaya, kichukue. Kitumbua hakitauliza kilikotoka.

Chuja maji ya mchele yote. Saga mchele, tui kikombe kimoja na wali uliolala, kwa awamu, ukiipumzisha mashine. Wali huo ndio unaoshikamanisha. Zamani walichota unga kidogo wakaupika uji na kuuchanganya. Kazi ni ileile. Gusa unga kati ya vidole: ukisikia punje, saga tena.

Hamira isiingie mashineni. Mashine inapasha unga, na unga ukiwa wa moto hamira inakufa na utasubiri mpaka adhuhuri. Mimina kwenye bakuli, subiri uwe vuguvugu, ndipo utie hamira, sukari, chumvi na iliki. Iliki aitwange mdogo kwenye kinu kidogo, baada ya kumenya maganda. Anaponda moja, anaruka moja, anainusa mikono yake siku nzima. Kama unga haushuki kama utepe, ongeza tui kwa kijiko, si kwa kikombe.

Funika kwa kawa au kitambaa. Kwa joto la Dar, dakika 45 hadi saa moja zinatosha. Wakati wa baridi huenda ikafika saa moja na nusu. Umeumuka pale juu panapojaa mapovu madogo na harufu inapokuwa ya utamu wenye ukali kidogo. Ukiusahau, unachacha, na hakuna sukari itakayouokoa.

Mstari wa chaki

Kabla jiko halijawashwa, chora mstari wa chaki sakafuni, hatua moja kubwa ya mtu mzima kutoka kwenye jiko lenyewe. Wa miaka 4 havuki, iwe kuna nini. Akivuka, kazi yake ya siku hiyo imeisha na anakwenda kukaa na baba yake barazani. Nilimtoa mara moja tu. Sasa yeye ndiye anayemkemea paka. Wa miaka 8 anasimama kwenye mstari akishika bakuli la kupokelea vitumbua, bado hasogei kwenye chuma. Mpini wa chuma uelekee ukutani, na mtungi wa gesi ukae pasipofikiwa na mkono mdogo.

Na kuungua kukitokea: maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida ya ubaridi, dakika 20 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Vua nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, ila kilichonata kwenye ngozi usikivute. Si dawa ya meno, si yai, si unga, si siagi, si barafu. Shemeji yangu alikuja mbio na dawa ya meno mkononi siku tone la mafuta lilipomrukia binti yangu kwenye kifundo cha mkono. Nilimwambia, samahani shemeji, kamshike mdogo wake, huku nimeshika mkono wa mtoto chini ya bomba. Jeraha likiwa na malengelenge, au kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungio au sehemu za siri, hospitali bila kusubiri kesho.

Kuchoma

Moto wa wastani. Mkaa uwe umeshika wote na umeanza majivu juu; gesi iwe chini ya nusu. Chuma kiwe kikavu kabisa, tone la maji likikutana na mafuta ya moto yanaruka. Tia kijiko cha chai cha mafuta kila tundu, subiri yapate moto. Jaribu kwa tone la unga: likizama na kuinuka likitoa mapovu, tayari.

Usikoroge unga kwa nguvu, utatoa hewa yote uliyoisubiri. Chota kwa upawa, jaza robo tatu ya tundu. Anza na matundu ya pembeni, malizia la katikati, maana hilo ndilo lenye moto mwingi. Kingo zitaanza kukauka na juu kutoboka vitundu vidogo. Hapo chukua kijiti cha mshikaki, zungusha ukingoni. Kitumbua kilichoiva chini hujiachia chenyewe. Kigeuze kwa mkupuo mmoja. Kikigoma usikichokoe, bado hakijawa tayari kuondoka. Kila upande ni dakika mbili hadi tatu. Kijiti kikiingia katikati na kutoka kikavu, epua.

Saba za mwanzo hazihesabiwi. Hizo ni za kukizoesha chuma, na kwetu ni haki ya wapishi wadogo, zikishapoa. Ndani hukaa na moto mkali muda mrefu kuliko ngozi ya nje inavyoonyesha, kwa hiyo pasua katikati kwanza. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe vipande vidogo, ameketi. Kitumbua ni laini lakini kinanata.

Kama mambo hayaendi, mara nyingi sababu ni hizi. Nje vyeusi, ndani ubichi: punguza moto. Vinakunywa mafuta: ongeza moto, au umeweka mafuta mengi. Bapa kama chapati ndogo: unga mwepesi au hamira imekufa, siku nyingine ijaribu kwanza kwenye maji vuguvugu yenye sukari, isipotoa povu baada ya dakika kumi itupe. Vinanata: chuma hakijashiba, au hukukisubiri kipate moto. Vigumu baada ya kupoa: uliruka wali.

Baada ya chai

Kingali na uvuguvugu, kifute kwa kitambaa. Pakiwa na masazo, chumvi na kitambaa, kisha maji ya haraka. Kikaushe motoni, kipake mafuta kidogo, ufute. Kisiachwe kwenye sinki hata kwa dakika tano. Mwambie dada wa kazi na kila mgeni mwema anayejitolea kuosha vyombo, kabla hajafika jikoni. Mmoja alikisugua chetu mpaka kikawa cheupe, akanionyesha kwa furaha, na sikuwa na la kusema zaidi ya asante.

Kikipoa, kifunge kwenye gazeti au pamba. Usikifunge kwenye nailoni, kitatoa jasho.

Sasa suala la nani atakirithi, ambalo watu huliepuka mpaka msibani. Vitu vya marehemu ni mirathi, hata chuma cha vitumbua, na nimeona ndugu wakinuniana kwa kinu. Kama mwenye nacho anataka kiende kwa mtu fulani, akitoe mwenyewe akiwa hai, kwa mkono wake, mbele ya watu. Bibi alifanya hivyo: alimwita mama na mashangazi, akataja jina langu, akasema wengine wakikitaka waje Jumamosi. Wanakuja.

Ndani ya kanga ileile tumeweka karatasi: kilinunuliwa na nani, kilikaa nyumba gani, vipimo vya "kiasi", na tarehe ya siku tulipokitoa kutu. Binti yangu amechora duara saba na kuweka msalaba mwekundu kwenye lile lililoharibiwa na siki. Chini yake ameandika: "hili usimpe mgeni".